Hisa za Chama na Hisa za Kampuni: Maswali ya Wanachama

Kila malipo ya mazao yanapokwisha kutolewa, makatibu wa vyama vya msingi hupata wageni wenye maswali ambayo miaka ya nyuma hayakuwa yakiulizwa. Mwanachama amesikia redioni kwamba benki fulani imetangaza gawio. Au kijana wake aliyeko mjini amempigia simu kumweleza kwamba hisa sasa hununuliwa kwa simu ya mkononi. Au jirani amejisifu mbele ya watu kwamba fedha zake zimekuwa mara mbili pasipo kushika jembe. Basi mwanachama huyo huingia ofisini na kadi yake ya chama, akaiweka mezani, akauliza: "Na hizi hisa zangu za hapa, zitapanda lini?"

Katibu asilicheke swali hilo. Ndilo mzizi wa mengine yote, kwa kuwa neno ni moja na vitu ni viwili. Tena mwenye kuuliza mara nyingi ana fedha mfukoni, fedha za jasho la mwaka mzima, naye yu karibu kuamua. Makala haya yanaeleza maswali yanayorudiwa zaidi, ili katibu awe na la kumwambia mwanachama kabla fedha hazijatoka.

NENO MOJA, VITU VIWILI

Hisa ya chama cha ushirika ni mchango wa mwanachama katika mtaji wa chama chake. Thamani yake imewekwa katika masharti ya chama, nayo haipandi wala haishuki kwa sababu mwaka ulikuwa wa neema au wa ukame. Aliyelipa shilingi 10,000 ana hisa ya shilingi 10,000, na mwakani itakuwa ni hiyo hiyo. Wala hanunui haki ya kusema kuliko mwenzake: mwenye hisa 1 na mwenye hisa 50 wote wana kura moja moja katika mkutano mkuu. Kanuni hiyo ilishikwa na wafumaji na mafundi wa Rochdale, nchini Uingereza, walipoanzisha duka lao mwaka 1844, na ndiyo kanuni ya ushirika hapa Tanzania tangu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933. Faida ya mwanachama haimo katika hisa yenyewe, bali katika kukitumia chama: bei ya mazao, pembejeo, ghala, na ziada inayogawanywa kwa kadiri kila mmoja alivyopeleka mazao yake.

Hisa ya kampuni ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni yenye hisa 100,000,000 ni kama shamba lililokatwa sehemu 100,000,000. Mwenye sehemu 1,000 ana umiliki wa sehemu hizo, na kura 1,000 katika mkutano wa mwaka. Mwenye sehemu 60,000,000 huamua yeye, hata wengine wote wakiwa watu elfu kumi na wakasimama upande mmoja. Tena bei yake haikuandikwa katika masharti yoyote. Bei ni ile ambayo mnunuzi wa leo amekubali kumpa muuzaji wa leo, na kesho huenda ikawa nyingine.

Iko tofauti ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mwanachama anayetoka katika chama hushughulikiwa na chama chenyewe: hurudishiwa hisa zake, au huzihamisha kwa mwanachama mwingine, kwa utaratibu ulioandikwa. Kampuni hairudishi. Mwenye hisa za kampuni akitaka fedha zake ni lazima apatikane mtu mwingine wa kuzinunua. Soko la hisa limewekwa ili watu hao wawili wakutane bila kujuana, na ili bei waliyopatana ijulikane na watu wote.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni fupi: hisa za chama hazitapanda bei, wala hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Anayezipima kwa kipimo cha hisa za kampuni ataona chama chake hakifai. Na anayezipima hisa za kampuni kwa kipimo cha chama atadhani kwamba fedha zake ziko salama kama akiba. Kosa la pili ndilo lenye hasara kubwa zaidi.

Haifai kupita hapa bila kuwataja wazee. Wapo wanaosikia neno hisa wakakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa na mali yake kukabidhiwa mashirika ya mazao, hata sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu vyama kurudi. Mzee anayeuliza, "Na serikali ikizichukua tena?" haulizi kwa ujinga. Anastahili kujibiwa kwamba hisa yoyote, ya chama au ya kampuni, ni mali inayolindwa na sheria, na kwamba sheria zenyewe zimekwisha kubadilika zaidi ya mara moja katika maisha yake.

HISA ZINANUNULIWA WAPI

Soko la Hisa la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996 na likaanza kazi Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa ile ya gesi, TOL. Baadaye zikafuata kampuni za bia, sigara, saruji, na mabenki. Msimamizi wa biashara hiyo ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mtu binafsi haendi sokoni mwenyewe. Hupitia kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka, naye humfungulia akaunti ya hisa ambamo majina na idadi huandikwa. Siku hizi hata programu ya simu ipo, iitwayo Hisa Kiganjani. Karatasi ya hisa iliyokuwa ikifungiwa kabatini haihitajiki tena, jambo lililopunguza wizi na moto, lakini likaongeza shida nyingine itakayotajwa mwishoni.

Dalali hulipwa, na soko hulipwa. Kwa biashara ndogo ada zote kwa pamoja hukaribia shilingi 2 kwa kila shilingi 100, wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa amekwisha kupoteza karibu 4 katika 100 hata kama bei haikutikisika. Hisa si biashara ya gulio.

"BEI IKISHUKA, FEDHA ZANGU ZIMEPOTEA?"

Jibu la swali hili halipatikani vizuri kwa maneno matupu. Afadhali lifuatwe kwa mfano wa kweli, na mfano ulio karibu na wanaushirika ni ule wa benki ya CRDB. Benki hiyo ina asili ya ushirika hata katika jina lake: mwaka 1984 iliyokuwa benki ya maendeleo vijijini iligeuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na ndiko herufi hizo za Kiingereza zilikotoka. Mwaka 1996 ikabinafsishwa, vyama vya ushirika vikiwa miongoni mwa wenye hisa. Mwaka 2009 ikauza hisa kwa wananchi kwa shilingi 150 kila moja na kuingia sokoni.

Achukuliwe mkulima aliyenunua hisa 1,000 siku hizo. Alitoa shilingi 150,000. Miaka michache ya mwanzo ilikuwa mizuri, bei ikapanda kupita maradufu. Mwaka 2015 benki ikahitaji mtaji zaidi, ikawapa wenye hisa nafasi ya kununua hisa mpya, moja kwa kila tano walizonazo, kwa shilingi 350. Mkulima huyo angeweza kupata 200, kwa shilingi 70,000. Waliozinunua walifurahi, kwa maana sokoni bei ilikuwa imepita hapo.

Kisha mambo yakageuka. Mikopo mingi haikulipwa, faida ya benki ikapungua mwaka 2016 na tena mwaka 2017. Gawio la mwaka 2017 likawa shilingi 5 kwa hisa. Bei nayo ikafuata, ikateremka mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa 2019 hisa moja iliuzwa kwa chini ya shilingi 100. Hisa 200 zilizonunuliwa kwa shilingi 70,000 zisingefikisha shilingi 20,000. Hata zile za kwanza, za mwaka 2009, zilikuwa chini ya bei ya kununulia baada ya miaka kumi ya kungoja.

Baada ya hapo benki ikapata nafuu, faida ikarudi na kuzidi ya zamani. Gawio la mwaka 2021 lilikuwa shilingi 36, na la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei ilikuwa imepita shilingi 600. Gawio la mwaka mmoja, yaani 2023, lilikuwa theluthi moja ya bei yote aliyolipa mkulima wa 2009.

Sasa watazamwe wakulima wawili walionunua siku moja, kwa bei moja, katika benki moja. Mmoja alikuwa na mtoto wa kupeleka shule Januari 2020, na fedha alizonazo zilikuwa hizo tu, akauza. Wa pili alikuwa na akiba nyingine katika chama cha akiba na mikopo, akalipa ada kwa hiyo, hisa akaziacha. Wa kwanza amepata hasara isiyorudi. Wa pili ameona bei ikishuka na kupanda kama mtu anayetazama mto kutoka mlimani. Wa pili hakumzidi mwenzake akili, wala hakuijua benki kuliko yeye. Alichomzidi ni kwamba fedha alizoziweka katika hisa hazikuwa na siku ya kutakiwa.

Hapo ndipo katibu anapoweza kumsaidia mwanachama zaidi kuliko kwa kumtajia kampuni. Amwulize: hizi fedha zina tarehe? Za mbolea zina tarehe. Za ada zina tarehe. Za mahari, pengine. Fedha zenye tarehe zikae benki au katika chama cha akiba na mikopo. Zile ambazo mwenyewe anaweza kuzisahau kwa miaka mitano au zaidi, hizo ndizo zinazoweza kuzungumziwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kungoja ni dawa ya kila hisa. CRDB ilirudi kwa sababu kazi yake ilirudi. Zipo kampuni ambazo bei ilishuka kwa kuwa biashara yenyewe inakufa, na mwenye kungoja humo huzeeka na karatasi. Bei iliyoshuka haisemi yenyewe ni ya namna ipi; kinachosema ni hesabu za kampuni, ambazo hutangazwa magazetini kila mwaka. Anayeweza kusoma mizania ya chama chake katika mkutano mkuu anaweza, kwa taabu kidogo, kusoma ya kampuni: faida inaongezeka au inapungua, madeni yakoje, na gawio linalipwa kutoka katika faida au limelazimishwa.

"NIKITAKA KUUZA, NITAUZA SIKU HIYO HIYO?"

Pengine. Soko la Dar es Salaam bado ni dogo. Hisa za benki kubwa hupata wanunuzi kila siku. Nyingine hukaa siku nyingi bila hata moja kubadili mkono. Mwaka 2017 wananchi wengi, baadhi yao wakinunua hisa kwa mara ya kwanza, waliingia katika Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 kila moja, sheria ikiwa imezitaka kampuni za simu kuuza sehemu ya hisa zao kwa umma. Miaka mitano baadaye bei sokoni ilikuwa chini ya shilingi 800, na waliotaka kutoka walijifunza kwamba bei iliyoandikwa ubaoni haimlazimishi mtu yeyote kununua. Mtu anayezoea kupeleka gunia mnadani na kurudi na fedha jioni aelezwe hilo mapema.

"NIKOPE NINUNUE?"

Asikope. Mfano wa jambo hili umo kwa majirani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom: hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni Nairobi, Mombasa na miji midogo. Mabenki yakatangaza mikopo maalumu ya kununulia. Wengi walikopa kwa hesabu nyepesi kwamba watauza wiki ya kwanza, walipe deni, wabaki na faida.

Maombi yakapita kiasi kilichokuwa kikiuzwa zaidi ya mara tano. Ikabidi kila mwombaji apunguziwe, na wananchi wa kawaida wakapata karibu sehemu ya tano tu ya walichoomba. Aliyekopa shilingi 100,000 alipata hisa za kama shilingi 20,000, na fedha nyingine zikarudishwa baadaye, huku riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote. Siku za kwanza bei ilipita 5, na waliowahi wakauza. Kisha ikateremka, mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Mkopo haukuteremka nayo.

Kampuni yenyewe haikuwa mbaya. Mwaka 2021 hisa hizo hizo ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 40. Aliyenunua kwa fedha zake na kuziacha alipata mara nane, mbali na magawio ya kila mwaka. Aliyenunua kwa mkopo alikwisha kuuza zamani kwa hasara ili amlipe mwenye benki. Na aliyeingia mwaka 2021 kwa kuvutwa na habari hizo aliona bei ikiporomoka chini ya 15 kufikia mwaka 2023. Hisa ni zile zile kwa wote watatu, na kampuni ni ile ile.

GAWIO, NA KODI YAKE

Wanachama wengi hudhani gawio ni riba, yaani fedha inayojulikana kabla na inayolipwa iwe isiwe. Sivyo. Bodi ya kampuni hupendekeza, mkutano wa mwaka huidhinisha, na mwaka mbaya linaweza lisiwepo kabisa. Tena hulipwa kwa yule ambaye jina lake lilikuwa katika daftari siku daftari lilipofungwa. Aliyenunua kesho yake hangoji kitu mwaka huo. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kabla: gawio la shilingi 50 kwa hisa 1,000 ni shilingi 50,000, na kinachofika mkononi ni 47,500.

WATU WANAOPITA VIJIJINI

Swali la hatari huwa haliji kwa sura ya swali. Mwanachama huja kuaga: "Bwana katibu, kuna kampuni inatoa hisa, kila mwezi wanalipa." Tanzania imekwisha kuona jambo hilo. Mwaka 2009 maelfu ya watu waliweka fedha katika upatu ulioitwa DECI, ambao ulitumia lugha ya mkulima yenyewe: kupanda mbegu na kuvuna. Waliovuna walilipwa kwa mbegu za waliopanda nyuma yao, na serikali ilipousimamisha waliokuwa wamepanda mwisho walibaki wakisimama milangoni.

Alama za watu wa namna hiyo hazibadiliki sana. Hutaja faida kubwa na kusema ni ya hakika. Humtaka mwenye kuweka alete wenzake. Huwa na haraka. Na wakiulizwa leseni huonyesha hati ya kuandikishwa kwa kampuni, ambayo ni kitu kingine kabisa. Kuandikishwa jina si ruhusa ya kukusanya fedha za watu. Kampuni inayouza hisa kwa umma kwa haki hutoa waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka, wenye hesabu za miaka iliyopita na maelezo ya hatari zilizomo. Katibu akipiga simu kwa Mamlaka ataambiwa kama waraka huo upo au haupo. Simu hiyo moja hugharimu kidogo kuliko mbuzi.

Kwa yule ambaye ana fedha isiyo na tarehe lakini hana muda wa kufuata hesabu za kampuni, ipo njia ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005. Humo watu wengi huchanga, mameneja wakanunua hisa na hatifungani za aina nyingi, na kila mchangaji akapewa vipande. Mfuko wenyewe huvinunua tena vipande kwa thamani ya siku hiyo, kwa hiyo mtu halazimiki kutafuta mnunuzi. Wanaushirika hawatashangazwa na mpango huo. Thamani ya vipande nayo hupanda na kushuka, ingawa kwa kawaida si kwa kishindo kama hisa ya kampuni moja.

JE, CHAMA CHENYEWE KINUNUE HISA?

Swali hili huletwa na wajumbe wa bodi zaidi kuliko wanachama, nalo ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa kuwa hapo anayeamua si mwenye fedha.

Kinaweza. Vyama vya ushirika vina hisa katika CRDB tangu zamani. Chama Kikuu cha Kagera kina hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA mjini Bukoba. Na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 imesimama juu ya hisa za vyama. Katika Kenya, Benki ya Ushirika ya huko, iliyoandikishwa mwaka 1965, iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2008, na vyama vikahifadhi hisa zao katika chombo kimoja cha ushirika chenye karibu theluthi mbili ya benki, ili wengi wasije wakauza kidogo kidogo hadi benki ikawatoka. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na vyama vyetu vinaweza kuuchunguza.

Lakini fedha zipi? Katika akaunti ya chama cha msingi huwamo fedha za namna tatu, nazo benki haizitofautishi. Ziko fedha za wakulima, zilizotoka mnadani na kupita tu zikielekea kwa wenye mazao. Ziko fedha za kuendeshea chama: mishahara, ghala, magunia, usafiri. Na iko akiba na mtaji wa chama. Wakati wa msimu, hasa katika mazao yanayouzwa kwa stakabadhi za ghala, salio huonekana kubwa kwa siku kadhaa, na hapo ndipo mjumbe mmoja huja na shauri la "kuzizungusha kidogo" kabla ya malipo. Fedha hizo si za chama. Kuzinunulia hisa, hata za kampuni njema na hata kwa wiki moja, ni kumkopa mkulima bila kumwambia. Na bei ikishuka wiki hiyo, malipo ya pili yatakosekana na chama kitakuwa na kesi.

Namna ya pili nayo ina tarehe. Inabaki ya tatu, na hata hiyo hairuhusu bodi kuamua faraghani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kanuni zake na masharti ya kila chama ndivyo vinavyoonyesha fedha za chama zinaweza kuwekwa wapi, na Ofisi ya Mrajis iulizwe kabla, si baada. Shauri liletwe katika mkutano mkuu likiwa na kiasi, jina la kampuni na sababu, na azimio liandikwe katika muhtasari kwa tarakimu. Akaunti ya hisa ifunguliwe kwa jina la chama. Jambo hili huonekana dogo, lakini hisa zilizoandikwa kwa jina la mwenyekiti "kwa niaba ya chama" ni za mwenyekiti mbele ya dalali, na zitakuwa za warithi wake mbele ya mahakama. Gawio liingie katika akaunti ya benki ya chama, na taarifa ya akaunti ya hisa itunzwe kwa ajili ya mkaguzi wa COASCO, ambaye ataitafuta.

Mwanachama naye aelezwe kwamba hisa zinazomilikiwa na chama katika benki si zake mwenyewe. Hawezi kuzidai akitoka, wala kuziuza. Anachopata ni ziada ya chama na nguvu ya chama katika mkutano wa benki hiyo, ikiwa chama kilimtuma mjumbe na mjumbe akahudhuria.

MWENYE HISA AKIFARIKI

Hapa ndipo ile shida iliyotajwa mwanzoni inapotokea. Katika chama, mwanachama huandikisha jina la mrithi katika daftari, naye katibu humfahamu mjane na watoto; mambo mengi humalizika kwa taratibu za chama. Hisa za kampuni hazina katibu wa kijiji. Zimo katika mashine Dar es Salaam kwa jina la marehemu, na kama hakumwambia mtu, hapana karatasi kabatini itakayowafunulia watoto kwamba baba yao alikuwa mwenye hisa. Magawio huendelea kutangazwa, yakatumwa katika akaunti iliyofungwa au simu isiyotumika, yakarudi na kulala.

Wanaojua kwamba hisa zipo hutakiwa kuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; mara nyingi familia za vijijini huanzia Mahakama ya Mwanzo, wakiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Msimamizi huyo ndiye atakayekwenda kwa dalali na barua ya mahakama, naye dalali atazihamisha hisa kwa warithi au kuziuza. Kazi hiyo huchukua miezi, na huanza pale tu jina la dalali na namba ya akaunti vinapojulikana.

Kwa hiyo mwanachama anayemjulisha katibu kwamba amenunua hisa za kampuni aombwe, akipenda, aandike namba ya akaunti yake ya hisa na jina la dalali wake katika karatasi mbili. Moja aifunge pamoja na kadi yake ya chama nyumbani, mahali mke wake anapopajua. Nyingine itiwe katika bahasha iliyofungwa na kuhifadhiwa katika jalada lake ofisini, na katibu aandike kwa kalamu pembeni mwa jina lake katika daftari kwamba bahasha hiyo ipo.